Wasifu wa Google Scholar kwa mtafiti wa uchumi wa afya: tathmini ya mtumiaji

Anayetaka kujua mtafiti wa tiba na uchumi wa afya ameandika nini, na maandishi yake yamefika wapi, mara nyingi huanza na wasifu wake wa Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta maandishi ya kitaaluma. Huduma hii ya wasifu, iliyofunguliwa kwa watafiti wote mwaka 2011, ni ya bure, na ukurasa wake mmoja huorodhesha kila andiko, mwaka lilipotoka na idadi ya maandishi mengine yaliyolirejelea. Kando ya orodha hiyo kuna kisanduku chenye takwimu tatu zinazovuta macho kuliko kitu kingine chochote: jumla ya marejeo, fahirisi ya h na fahirisi ya i10. Nimekuwa nikiutumia kusoma kazi za watafiti wa fani hii, hasa wakati wa kupima maombi ya kazi na ya fedha za utafiti. Maoni yangu ni kwamba kwa kukusanya maandishi ya mtu mahali pamoja sijaona huduma inayoupita, lakini takwimu zile tatu hazistahili imani zinayopewa, na katika uchumi wa afya hasara ya kuziamini ni kubwa kuliko katika fani nyingi.

Nianze na sifa zake. Uchumi wa afya umekaa kati ya wachumi na matabibu, na maandishi yake hutawanyika kwa sababu hiyo. Makala ya Kenneth Arrow ya mwaka 1963 kuhusu huduma za tiba, ambayo wengi huihesabu kuwa chimbuko la fani, ilitoka katika American Economic Review, na ile ya Michael Grossman ya mwaka 1972 kuhusu mahitaji ya afya ilitoka katika Journal of Political Economy. Mtafiti wa leo anayekokotoa gharama na manufaa ndani ya jaribio la dawa huchapisha katika majarida ya kitabibu, na mwenzake anayezishauri serikali huacha ripoti ambazo hazipiti katika jarida lolote. PubMed, hifadhidata ya maandishi ya tiba, humwona vizuri yule wa majarida ya tiba na kumkosa kwa sehemu kubwa mchumi, ilhali RePEc, hifadhidata iliyoanzishwa na wachumi wenyewe mwaka 1997, humwona mchumi na kumkosa tabibu. Hifadhidata za Scopus na Web of Science huingiza majarida yaliyochaguliwa kwa vigezo, na taasisi hulazimika kuzilipia. Google Scholar huchukua karibu kila kitu chenye sura ya andiko la kitaaluma: makala, sura za vitabu, tasnifu, ripoti, na makala za awali ambazo wachumi huzisambaza muda mrefu kabla ya jarida kuzikubali. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba iliona asilimia 95 ya marejeo yaliyoonekana na Web of Science na asilimia 92 ya yale ya Scopus, pamoja na mengine mengi ambayo hizo mbili hazikuwa nayo. Kwa mtafiti ambaye nusu ya kazi yake ni ripoti, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwenye kile kisanduku. Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia, na hesabu yake ni nyepesi: mtafiti ana h ya 4 ikiwa makala zake nne zimerejelewa angalau mara nne kila moja, na hana makala tano zilizofikia mara tano. Tuchukue mfano wa mtu mwenye makala tano zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 4 na 3. Fahirisi yake ya h ni 4, na ya i10, ambayo huhesabu makala zilizofikisha marejeo kumi, ni 2. Ile ya kwanza ikipanda kutoka 40 hadi 4,000 kwa sababu imebadilisha namna ambavyo nchi kadhaa zinanunua chanjo, fahirisi zote mbili hubaki pale pale. Kwa upande mwingine, fahirisi hizi kwa kawaida hazishuki, hata mtafiti akiacha kuandika kwa miaka ishirini, na ndiyo maana safu ya pili ya kisanduku, inayohesabu miaka ya karibuni tu, hunifaa zaidi kuliko ile ya kwanza ninapolinganisha kijana na mkongwe.

Udhaifu unaonisumbua zaidi unahusu majina ya waandishi. Katika tiba, jina la kwanza ni la aliyefanya kazi kubwa na jina la mwisho kwa kawaida ni la kiongozi wa kikundi. Katika uchumi, desturi iliyozoeleka ni kupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo nafasi ya jina haisemi lolote. Mtafiti wa uchumi wa afya huandika kwa desturi zote mbili, pengine ndani ya mwaka mmoja. Wasifu haumsaidii msomaji kutofautisha: majina yakizidi nafasi iliyopo, orodha hukatwa kwa nukta tatu, na kila mwandishi hupewa marejeo yote kana kwamba makala nzima ni yake peke yake. Makala za mradi wa kimataifa wa kukadiria mzigo wa magonjwa duniani huwa na waandishi mamia, nazo hurejelewa kwa wingi mno. Aliyechangia data ya nchi moja katika makala kadhaa za namna hiyo anaweza kuwa na jumla ya marejeo inayomzidi mbali mchumi aliyeandika peke yake nadharia ambayo wenzake wanaifundisha. Sisemi kwamba mchango wa data ni duni, kwa kuwa bila data hakuna makadirio. Nasema kwamba namba moja haiwezi kubeba aina mbili za kazi zilizo mbali hivyo.

Kuna pia hali iliyo kinyume chake. Dodoso la EQ-5D, ambalo kwalo mgonjwa hueleza hali yake ya afya ili ipewe thamani katika hesabu za miaka ya maisha iliyorekebishwa kwa ubora (yaani miaka inayopimwa kwa urefu wa maisha na kwa hali ya afya pia), lilitambulishwa katika makala ya mwaka 1990 iliyotoka kwa jina la kikundi cha EuroQol, si kwa jina la mtu. Makala hiyo hutajwa kila mahali, mara nyingi katika sentensi moja ya sehemu ya mbinu, na watu walioifanyia kazi hawaipati katika wasifu wao isipokuwa waiongeze kwa mkono.

Mwongozo wa CHEERS, unaoeleza namna ya kuripoti tathmini za kiuchumi za afya, unaonyesha ugumu wa namna nyingine. Ulipotoka mwaka 2013, ulichapishwa kwa pamoja katika majarida kadhaa, yakiwemo BMJ na Value in Health, ili wasomaji wa fani mbalimbali waupate. Toleo jipya la mwaka 2022 lilifuata njia hiyo hiyo. Andiko moja likichapishwa mahali pengi, marejeo yake hugawanyika, na wasifu hujaribu kuyaunganisha. Mwenye wasifu pia ameruhusiwa kuunganisha kwa mkono, na kinyota kidogo kando ya namba huonya kwamba huenda marejeo ya andiko jingine yamechanganyika humo. Namshauri kila anayesoma wasifu akitafute hicho kinyota, kwa sababu uamuzi wa kuunganisha au kuacha unaweza kupandisha au kushusha fahirisi bila mtafiti kuandika neno jipya.

Kuhusu usalama wa hesabu zenyewe, Google Scholar haina mlinzi mlangoni. Mwaka 2010 Cyril Labbé, mtaalamu wa kompyuta nchini Ufaransa, alimbuni mtafiti asiyekuwepo aitwaye Ike Antkare, akatunga kwa programu makala zisizo na maana zilizorejeleana zenyewe kwa zenyewe, na kwa hesabu zilizotokana na Google Scholar mtu huyo wa kubuni akafikisha h ya 94. Zaidi ya hapo, huduma haipimi kwa nini andiko limerejelewa. Makala mbili za mwaka 2020 kuhusu wagonjwa wa UVIKO-19, moja katika The Lancet na nyingine katika New England Journal of Medicine, ziliondolewa mwezi Juni mwaka ule ule baada ya data ya kampuni ya Surgisphere kushindwa kuthibitishwa, na bado ziliendelea kurejelewa. Rejeo la kuikosoa makala na rejeo la kuiamini kimakosa huingia katika jumla kwa uzito ule ule.

Huduma nyingine zimejaribu kuziba baadhi ya mapengo haya. Zana ya iCite ya taasisi za taifa za afya za Marekani hulinganisha marejeo ya kila makala na ya nyingine za eneo lake, ambapo 1.0 ni makala ya katikati miongoni mwa zilizofadhiliwa na taasisi hizo, lakini inaishia kwenye PubMed, na kwa hiyo humwacha nje mchumi tuliyemtaja mwanzoni. OpenAlex, hifadhidata ya maandishi ya kitaaluma iliyoanza mwaka 2022, hutoa data yake yote wazi, jambo ambalo Google Scholar haifanyi. ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho, haihesabu marejeo, lakini namba yake ya tarakimu 16 ndiyo njia bora ya kuwatenganisha watafiti wawili wenye jina moja, na ningependa kila mwombaji aiweke kando ya kiungo cha wasifu wake.

Kwa mtafiti mwenyewe, ningemshauri azime mpangilio unaoongeza makala bila kumuuliza na achague kupokea kwanza barua pepe ya kuthibitisha, hasa kama jina lake ni la kawaida. Kwa anayepima maombi, ningemwomba afungue makala tatu au nne ambazo mtafiti mwenyewe anazitaja kuwa bora, asome sehemu inayoeleza nani alifanya nini, kisha aulize kama kuna ripoti iliyotumiwa na chombo cha maamuzi kama NICE cha Uingereza, ambako hesabu ya gharama inaweza kuamua wagonjwa gani wapate dawa ingawa watafiti wenzake wameirejelea mara chache tu. Na kwa Google yenyewe, mabadiliko mawili yangeifanya huduma hii iaminike zaidi katika fani yetu: kuonyesha nafasi ya mwandishi katika kila makala pamoja na idadi ya waandishi wenzake, na kuweka alama iliyo wazi mbele ya kila andiko lililoondolewa na jarida lake.