Bagi lililoitwa Feni: uzoefu wangu wa miezi minane na RC10B5M

Kona ya tatu ya kiwanja chetu inakwenda kulia ikiteremka kidogo, na kwa miezi miwili ya mwanzo bagi langu la rimoti halikuwahi kuimaliza likiwa linatazama mbele. Nikiingia taratibu linagoma kupinda, linakwenda moja kwa moja kuparamia mipira ya maji tuliyoilaza pembeni kuonyesha njia. Nikigusa mafuta katikati ya kona, mkia unazunguka na gari linanitazama mimi. (Ni gari la betri, najua, lakini kiwanja kizima tunasema mafuta.) Mpwa wangu wa miaka kumi na minne akalipa jina la Feni. Jina likashika.

Gari lenyewe ni Team Associated RC10B5M, saizi ya moja kwa kumi, linasukumwa na tairi za nyuma tu. Nililinunua likiwa limetumika, bila betri, kwa mtu aliyekuwa anahama Dar. Ukoo wake ni mzuri: RC10 ya kwanza ilitoka mwaka 1984 ikiwa na chesisi ya alumini ya rangi ya dhahabu, na hii B5M ikaja mwaka 2014, mota ikiwa imesogezwa mbele ya ekseli ya nyuma. Mwaka 2015 Spencer Rivkin alichukua ubingwa wa dunia wa magari ya namna hii huko Yatabe, Japani, akiendesha B5M. Kwa hiyo kila nilipozunguka kama feni nilijua kabisa kwamba tatizo halikuwa kiwandani.

Kiwanja chetu kiko Tegeta. Ni ploti ya rafiki yetu ambaye hajaanza kujenga. Tulimwaga kifusi lori mbili, tukashindilia kwa pipa lililojaa maji, tukajenga miruko minne. Asubuhi, kukiwa na umande, ardhi inashika vizuri. Ikifika saa tisa alasiri juu kuna vumbi jepesi kama unga wa sembe na chini yake pagumu kama sakafu. Hapo tairi inaelea tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la pesa. Gari lilikuja na mota ya 17.5, yaani yenye mizunguko mingi ya waya, mpole. Nikaona aibu kuachwa kwenye sehemu ndefu, nikaagiza ya 8.5. Kasi ikapatikana, na kona zote zikawa kona ya tatu. Mota ile sasa iko kabatini. Nimerudisha 17.5, na muda wangu wa kuzunguka kiwanja ni mfupi kuliko wakati wowote nilipokuwa na ile kali. Kama kuna kitu kimoja ningemwambia anayeanza, ni kwamba asiguse mota mpaka achoke kushinda na aliyonayo.

Kosa la pili lilikuwa la uvivu. Nilichukua kutoka mtandaoni karatasi ya vipimo ya dereva mmoja wa Ulaya, nikanakili kila namba: springi, oili, urefu wa gari kutoka chini, mwinamo wa tairi, kila kitu. Sikusoma mstari wa juu uliosema uwanja wake ni wa zulia. Kwenye zulia tairi inang'ang'ania, gari linataka kupinduka, kwa hiyo wanalishusha chini na kulikaza ili lisilale kwenye kona. Kwenye vumbi letu unataka kinyume chake: gari lilale kidogo, uzito uende upande wa nje, tairi ikandamizwe chini ipate cha kushika. Mimi nilikuwa nimevaa koti la baridi ufukweni.

Nikaanza upya, na safari hii nikajiwekea sharti moja, kubadilisha kitu kimoja, kuendesha betri nzima, kuandika kwenye daftari, ndipo niguse kingine. Mpwa wangu alipewa kazi ya kushika saa ya simu.

Tairi zilibadilisha mambo kuliko kitu chochote. Zile za mwanzo zilikuwa na vipini vifupi, vya uwanja mgumu uliofagiliwa. Nikaagiza Pro-Line Hole Shot, ambazo zina vipini virefu vilivyoachana, vinavyopenya vumbi na kufika kwenye ardhi ngumu ya chini. Zilipofika nilizibandika kwenye rimu kwa supa gluu, usiku kucha zikakauka. Kesho yake sekunde mbili ziliondoka kwenye mzunguko wetu bila kugusa hata bisibisi. Kifusi kinazila, usidanganyike. Baada ya wiki sita vipini vya nyuma vilikuwa vimebaki nusu. Lakini ukiwa na shilingi za kununua kitu kimoja tu, nunua tairi.

Baada ya hapo urefu. Nilikata kipande cha mbao, nikakipiga msasa hadi kikawa milimita 22, nacho ndicho kipimo changu mpaka leo. Unaliachia gari kutoka kama futi moja juu ya meza, litue na kukaa lenyewe, kisha unapitisha kibao chini ya chesisi, mbele na nyuma. Karatasi ya zulia ilikuwa imenishusha hadi 17, ndiyo maana tumbo lilikuwa linakwaruza kila kishimo na kuinua tairi. Kupandisha ni kuzungusha zile kola za springi tu, dakika tano. Hakuna gharama.

Oili za shokapu ndizo zilizonipa adabu. Nilisoma kwa wenzangu kwamba wanatumia 30. Nikaenda Kariakoo, nikamwuliza muuza vipuri vya pikipiki kama ana oili ya shokapu namba 30. Akanipa chupa, "Hii hapa mzee wangu, bodaboda zote wanatumia." Nikajaza. Gari likadunda kama mpira wa tenisi. Likitua kwenye mruko wa kwanza linaruka tena lenyewe mruko wa pili usiokuwepo. Nikadhani springi zimekufa. Wiki mbili baadaye nikafungua nikakuta vile vipete vya mpira vinavyozuia oili isitoke vimevimba, fimbo za pistoni zinasuasua. Oili ya pikipiki ni ya petroli, na vipete hivi ni vya silikoni, haviwezani. Halafu ile 30 ya pikipiki na 30 ya magari haya havina undugu wowote, ya pikipiki ni nyepesi mno. Muuzaji hana kosa. Alijibu alichoulizwa.

Tangu hapo nanunua oili ya silikoni ya magari haya tu, na nasoma namba ya cSt (kipimo cha unene wa oili) na kuacha ile ya uzito, yaani 30 au 35. Kwenye chupa za Team Associated, 30 ni 350 cSt, 35 ni 425, 40 ni 500. Kampuni nyingine wakiandika 30 wanaweza kuwa na namba tofauti kidogo, na hapo ndipo watu wanapoambiana "weka 35" kila mmoja akiwa na maji yake. Mbele natumia 35, nyuma 30, na pistoni za nyuma zina matundu mawili ya milimita 1.7 badala ya 1.6, kwa sababu kiwanja chetu kina vijishimo vingi vidogo na pistoni yenye tundu dogo inakakamaa gari likipita juu yake kwa kasi.

Kujaza kwenyewe ni kazi ya subira. Unavuta fimbo hadi chini, unamimina oili karibu na mdomo, kisha unapandisha na kushusha pistoni polepole kabisa. Vipovu vinapanda kama vya soda. Unaiegemeza shokapu mahali, unakwenda kunywa chai, unarudi. Ndipo unafunga kifuniko. Baadaye ibonyeze karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kunyonya, kama mtu anayekunywa supu ya moto, ndani kuna hewa, fungua urudie. Na zote mbili za mbele, au zote mbili za nyuma, zibonyeze pamoja kwa vidole gumba. Zikirudi kwa mwendo tofauti gari litapinda vizuri kulia na vibaya kushoto, nawe utalaumu stelingi bure.

Hapa Feni likaanza kuwa gari. Lakini mkia bado ulikuwa unakimbia nikikanyaga kutoka kwenye kona. Mota ikiwa mbele ya ekseli, nyuma inakosa uzito, na kwenye ardhi inayoteleza inaonekana waziwazi. Betri fupi ya B5M inaweza kusogezwa kwa kuhamisha vipande vya sponji, nikairudisha nyuma mpaka mwisho. Bado. Nikapita gereji ya jirani, fundi wa kubalansi matairi akanipa risasi za kubandika, zile za gundi, bure. Nikabandika gramu 35 chini ya betri, nyuma. Gari zima lina kama kilo moja na nusu, kwa hiyo gramu 35 zinahisiwa. Kona ya tatu nikaipita kwa mafuta nusu, mkia ukifuata. Mpwa wangu akasema, "Anko, leo feni limezimwa."

Baadaye niliongeza washa moja (kile kipete bapa cha chuma) chini ya bolti ya ndani ya fimbo za juu za nyuma, gari lilale zaidi kidogo, na nikaacha kemba, yaani mwinamo wa tairi, kwenye nyuzi 1 tairi zikiinamia ndani. Nilijaribu washa tatu. Gari likawa kama lori la mkaa, linalala halirudi. Moja inatosha.

Difu, ile inayoruhusu tairi mbili za nyuma zizunguke kwa kasi tofauti kwenye kona, ni habari ya peke yake. B5M langu lina difu ya goroli, na mwenye gari wa kwanza alikuwa ameilegeza. Difu ya goroli ikiteleza inajichubua, na ukiizungusha kwa mkono unasikia mchanga hata kama hakuna mchanga. Inayotakiwa kuteleza ni klachi, kabla ya difu. Nashika tairi ya kulia na gia kubwa kwa pamoja, kisha najaribu kuzungusha tairi ya kushoto. Ikizunguka kirahisi, difu imelegea. Klachi naisikiliza. Gari likiondoka lilipo, itoe "zzzt" fupi ya mita moja hivi, kisha ishike. Ikipiga kelele mpaka kona ya kwanza nakaza robo mzunguko. Nimebadilisha goroli na sahani zake mara moja, na nilitumia jioni nzima nikitafuta goroli moja iliyodondoka kwenye zulia la sebuleni. Mke wangu ndiye aliyeiona.

Julai tulikwenda Arusha kwa shemeji, na gari nikalibeba. Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni, na gari lililokuwa linateleza kama samaki Tegeta likawa gumu, likirukaruka juu ya vijiwe badala ya kuvifuata. Oili ya silikoni haibadiliki sana kwa joto kama ya petroli, lakini inabadilika. Kutoka nyuzi joto 32 za Dar hadi asubuhi ya Arusha ni mbali. Nikashusha nyuma hadi 25, yaani 275 cSt, mbele 30, na likarudi katika tabia yake. Daftari sasa lina kurasa mbili, moja ya pwani, moja ya juu.

Nalilaumu kwa lipi? Vipuri. Mikono ya chini ya plastiki inavumilia sana, nimevunja mmoja tu, lakini kwa kuwa modeli hii imepitwa na nyingine mpya, kila kipuri ni cha kuagiza nje na kusubiri wiki tatu hadi nne. Nimejifunza kuagiza viwili viwili. Na nafasi ya kufungia nyaya ni finyu. Vidole vyangu vikubwa, fundi simu wa mtaani ndiye aliyenichomelea plagi ya betri.

Kwa anayetaka gari la kupiga mbio nyumbani Jumapili bila kushika spana, hili silipendekezi, atalichukia. Kwa anayependa kukaa na daftari na chupa za oili, B5M iliyotumika, ikiwa na difu nzima, ni ununuzi mzuri kuliko gari jipya la bei rahisi.

Kona ya tatu haina neno tena. Tatizo sasa ni mruko wa nne, pua inashuka hewani kwa sababu naachia mafuta mapema nikiogopa, na kwa hilo hakuna oili.