Uzoefu wangu: Sarafina! ya kikundi cha ridhaa, na mshereheshaji aliyewaaibisha wachezaji wake

Wiki kadhaa zilizopita nilikwenda kutazama Sarafina!, tamthilia ya muziki ya Afrika Kusini kuhusu wanafunzi wa Soweto waliopinga ubaguzi wa rangi, iliyoandaliwa na kikundi cha ridhaa hapa Nairobi, katika ukumbi wa shule, na hasira niliyotoka nayo haijanitoka hadi leo. Anayeuliza kama aende au asiende, jibu langu la kwanza ni kwamba asiende. Uimbaji sitauzungumzia, kwani ulikuwa mzuri na hakuna aliyeulalamikia. Shida ilikuwa ngoma, au tuseme, jinsi watu walivyozipokea ngoma hizo.

Mtunzi wa miondoko wa kikundi hiki alikataa kuiga filamu ya mwaka 1992. Filamu hiyo tunaijua sote: Leleti Khumalo yuko mbele, wanafunzi wa Soweto wako nyuma yake katika sare zao, na miguu inapiga chini kwa pamoja. Watu wa rika langu walijifunza miondoko ile mbele ya televisheni na kuicheza katika sherehe za shule, kwa hiyo wengi waliingia ukumbini wakiwa na ngoma yao tayari miguuni, wakingoja tu kuonyeshwa kile wanachokijua.

Walichoonyeshwa kilikuwa tofauti. Ilipofika sehemu ya maandamano ya tarehe 16 Juni 1976, wakati watoto walipopigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, ala zote zilinyamaza ikabaki ngoma moja, na wachezaji wakavuka jukwaa wawili wawili, mmoja amembeba mwenzake mikononi, kwa mwendo wa polepole sana, huku msichana mmoja akikimbia kando yao bila kufika popote. Yeyote aliyewahi kuiona picha ya mpigapicha Sam Nzima, ile ya Mbuyisa Makhubo akiwa amembeba Hector Pieterson na Antoinette, dada wa mtoto huyo, akikimbia pembeni, alielewa papo hapo. Tena hiyo ni kazi nzito kuliko kuruka, kwa sababu anayeruka husaidiwa na kasi yake mwenyewe, ilhali anayembeba mtu mzima polepole hana msaada wowote ila mgongo na mapaja yake. Hawa ni watu wanaofanya mazoezi jioni baada ya kazi, na hakuna hata mmoja aliyetetemeka.

Watu wakacheka. Kicheko kilianzia nyuma, kikafuatwa na miluzi, kisha sauti zikapazwa: "Chezeni!" "Toyi-toyi iko wapi?" "Tumelipia ngoma sisi!" Msichana aliyekuwa akikimbia alipoteza hesabu ya hatua zake kwa muda mfupi, akaipata tena. Hao waliodai toyi-toyi, ile ngoma ya maandamano, kwa jina la ukweli wa Soweto wangefaa kufahamu kwamba toyi-toyi ilishika kasi katika mitaa ya Afrika Kusini miaka ya 1980, baada ya watoto wale kuzikwa.

Hata hivyo, hadhira naweza kuisamehe. Kwetu mtazamaji si mtu wa kuketi kimya. Katika taarabu mtu huinuka akaenda kumtunza mwimbaji mbele ya wote, na hakuna anayeona vibaya. Watu walichanganyikiwa, nao wakasema. Karatasi moja mlangoni yenye picha ile na maelezo machache ingetosha kuwaandaa, lakini haikuwepo.

Nisiyeweza kumsamehe ni mshereheshaji. Wakati wa mapumziko alipanda jukwaani na kipaza sauti, akatabasamu, akasema: "Poleni sana kwa zile ngoma za mazishi. Tumewasikia. Sehemu ya pili tutawapa Sarafina mnayoijua." Watu wakampigia makofi. Pazia halikuwa limefungwa vizuri, na mimi niliyeketi upande wa kushoto niliwaona wachezaji wamesimama pale pale nyuma yake, jasho halijawakauka, wakisikia kila neno. Na kweli sehemu ya pili ikabadilishwa. Walicheza hatua za filamu bila mazoezi, wakigongana, mistari ikipinda, ukumbi wote ukasimama na kuimba nao. Furaha ile ilikuwa ya kweli, siwezi kuikana, na hapo ndipo hukumu yangu inaponisumbua, kwa sababu watu waliondoka wameridhika.

Nilimfuata mlangoni nikamuuliza: "Kaka, kwa nini umewaombea msamaha watu ambao hawakukosa?" Hakunitazama hata usoni. Alisema: "Dada, ukitaka kulia, nenda matangani."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na kila nikilifikiria naona limemkosea Mbongeni Ngema mwenyewe, mtunzi wa Sarafina!. Sarafina! ilipozaliwa katika Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, na ilipofika Broadway, New York, mwaka 1988, miondoko ambayo Ngema aliitunga pamoja na Ndaba Mhlongo ilikuwa mipya kabisa pale, hata ikateuliwa kuwania tuzo ya Tony, ile ya tamthilia za Broadway. Filamu ilikuja miaka mitano baada ya jukwaa, na Michael Peters wa Marekani akaingizwa katika kazi ya ngoma zake. Basi hiyo "Sarafina mnayoijua" nayo ni ngoma iliyopita katika mikono mingine! Mtunzi wetu alifanya walichofanya wenzake wa kabla yake, na akadhalilishwa na mtu wa kikundi chake mwenyewe mbele ya waliolipa kiingilio.

Kwa hiyo nayarudisha maneno yangu ya mwanzo. Nendeni. Sehemu ya kwanza pekee inastahili bei ya tiketi, na sijaona wasanii wa ridhaa wakibebana hivyo katika ukumbi wowote wa mji huu. Lakini ikiwa wameamua kuzifuta ngoma zile moja kwa moja, kama nilivyosikia mmoja wa wachezaji akinong'ona pale nje, basi bakini nyumbani mtazame filamu, ambayo angalau mistari yake imenyooka. Mimi nitarudi kabla hawajamaliza maonyesho yao, na nitaketi mstari wa mbele. Mshereheshaji akipanda tena kuomba radhi, nitainuka na kumjibu.