Pikapu mpya, difu inalia: kwa nini sikubadilisha gari

Sauti inaanzia kwenye kilomita 80 kwa saa. Chini ya hapo gari limetulia kabisa. Ukifika 80 unasikia "uuuu" nyembamba kutoka nyuma, kama chini ya kiti cha abiria, inapanda nayo mpaka 95, halafu ukizidisha mwendo inapotea au inamezwa na upepo, sijui. Ukiachia mafuta inageuka inakuwa nzito. Ukikanyaga tena inarudi ile nyembamba.

Gari lenyewe ni pikapu ya milango minne, injini ya dizeli, nililichukua jipya kwa mkopo wa benki. Jina la kampuni naliacha, maana nia yangu ni kueleza nilivyofikia uamuzi, si kugombana na mtu. Waranti ni miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia, na lilikuwa halijafika hata 15,000 lilipoanza kulia. Kazi yake ni kuleta mbegu na dawa za mimea kutoka Dar mpaka dukani kwangu Makambako, zaidi ya kilomita 600 kwenda tu. Mwenye gari la kuzunguka Kariakoo anaweza akakaa na difu ya namna hii (difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) miaka asijue. Mimi na dereva wangu tunakaa nayo kutwa nzima, na mwendo wetu wa kawaida nje ya vijiji ni huohuo, kati ya 80 na 95.

Mara ya kwanza kupeleka malalamiko, kijana wa mapokezi kwenye sevisi alimsikiliza dereva wangu, mimi nimesimama pembeni kama abiria. Nilipomwambia gari ni langu akageuka: "Aa, samahani mama. Hizo ni tairi tu." Wakalijaribu. Walikolijaribia ni kwenye foleni ya Buguruni saa nne asubuhi, mahali ambapo ukifika 50 unamshukuru Mungu. Gari likarudi na jobu kadi, ile karatasi ya kazi ya gereji, imeandikwa "hakuna tatizo lililoonekana". Safari iliyofuata jibu likabadilika: sasa ni "tabia ya gari hizi, mama, zote ziko hivyo". Hilo la pili ndilo lililoniudhi, maana anayekwambia zote ziko hivyo anakuambia pia kwamba uache kuuliza.

Hapo ndipo wazo la kulitoa na kuongeza hela nichukue jingine lilipoanza. Dereva aliliunga mkono siku hiyohiyo. Mume wangu akasema tusubiri kwanza tujue kinacholia ni nini, na fundi wetu wa Makambako naye akasema hivyohivyo.

Fundi huyu hana mashine ya kompyuta, ila ana subira. Akaniambia, dada, barabara unayopita ndiyo kipimo chako, itumie. Sauti ya tairi hubadilika lami inapobadilika. Ukitoka kwenye lami laini ukaingia kwenye ile ya kokoto kubwa, tairi itapiga kelele zaidi, na haitajali umekanyaga mafuta au umeachia. Yetu ilikuwa kinyume: lami yoyote sawa, ila mguu ukitoka kwenye mafuta inabadilika papo hapo. Tukaazima tairi za pikapu ya jirani, rimu zinalingana, tukaenda mpaka Mafinga na kurudi. Ikalia vilevile.

Beringi ya gurudumu nayo ina dalili zake. Mara nyingi huvuma zaidi uzito unapolalia upande mmoja kwenye kona, na haisubiri 80, hata kwenye 50 unaisikia. Kona zipo mlima Kitonga, tele, na tukazipanda na mzigo. Kimya. Kwenye Hifadhi ya Mikumi, ambako mwisho ni 70 na kila mtu anaogopa faini ya kugonga mnyama, kimya pia. Tukivuka kibao cha mwisho wa hifadhi tu, mwendo unapanda na ile "uuuu" inakuja. Fundi akaingia chini ya gari, akatikisa propela, ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu nyuma, akashika krosi zake, yaani viungo vyake, na beringi ya katikati, hakuna kilicholegea. Akafuta mikono kwenye kitambaa akasema, "Dada, hii iko ndani ya difu. Mimi siifungui, ina waranti."

Kwa asiyejua difu: mle ndani kuna gia mbili zinazobeba kazi yote. Pinioni ni ile ndogo inayozungushwa na propela, krauni ni ile kubwa inayopokea na kupeleka nguvu kwenye ekseli za magurudumu. Meno yake yamepinda, yanateleza yakigusana, ndiyo maana difu inataka oili yake maalumu, ile ya GL-5 inayonuka kiberiti. Hizo mbili hutengenezwa kama jozi, huwezi kubadilisha moja ukaacha nyingine. Pinioni ikiingia ndani au ikitoka nje kupita ilivyopimwa, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, meno hayagusani katikati tena, yanagusana ukingoni. Ndipo inapolia, na hulia kwenye mwendo fulani tu. Gia iliyokaa vibaya kidogo inaweza kulia miaka mingi bila kuvunjika. Beringi ya pinioni iliyolegea ni habari nyingine: hiyo inaunguruma, sili inayozuia oili inaanza kuvuja, na mwisho wake si mzuri. Kwa masikio huwezi kuapa ni ipi. Lazima ifunguliwe.

Nikaenda kuulizia bei. Kampuni iliyoniuzia ilinipa bei pungufu kwa shilingi milioni 34 kuliko niliyonunulia, na gari halijamaliza mwaka. Yadi ya pili haikufika hata hapo, na yule mzee wa yadi alisema wazi kwamba gari jipya linalorudishwa mapema hivi lazima ajiulize lina nini. Juu ya pengo hilo weka bei ya gari jipya ambayo ilishapanda, na benki ambako kadi ya gari inakaa mpaka nimalize mkopo, kwa hiyo kwanza nifunge mkopo wa zamani, nifungue mpya na gharama zake zote, halafu bima kubwa nayo ianze upya kwa thamani mpya. Niliandika hesabu hiyo nyuma ya risiti ya mbolea, nikaipiga mara mbili. Bei ya difu nzima mpya, niliyopewa na duka la vipuri hata bila waranti, haikufika nusu ya ile hasara.

Kulikuwa na njia ya dalali pia. Alikuja dukani, akalizunguka gari, akasema asinisumbue mtu: "Mama, tia oili nzito, ile 140, kwa wiki mbili tatu haitalia sana. Mteja akija anaendesha hapa hapa mjini, anachukua." Alisema bila aibu, kama mtu anayekupa dawa ya kikohozi. Wanaonunua pikapu iliyotumika huku kwetu ni wale wale wakulima wa mahindi na parachichi wanaonunua mbegu kwangu. Nimuuzie mtu kelele Jumatatu, Ijumaa aje dukani kuchukua mbolea? Nilimpa soda akaenda.

Kilichogeuza mambo kilitoka upande nisioutegemea, kwa muuza magari wa kampuni iliyoniuzia. Alitaka sana nichukue jipya, akasema mama njoo uendeshe moja uone. Nikakubali kwa sharti moja, tutoke nalo mpaka Kibaha, si kuzunguka uani. Alfajiri, barabara tupu. Modeli ileile, injini ileile, mwaka uleule. 80, 85, 90. Kimya! Nikaachia mafuta, nikakanyaga, nikaachia. Kimya. Tuliporudi nikamwambia sasa panda langu. Kabla hatujafika Mbezi alishasema mwenyewe: "Hii ya kwako inalia kweli." Basi, "zote ziko hivyo" ikaishia pale, na shahidi ni mtu wao.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja. Mwendo sauti inapoanza na inapoisha, inavyobadilika ukiachia mafuta, tairi tulizobadilisha, gari la modeli hiyohiyo tulilolinganisha nalo na nani alikuwa ndani. Nikaomba fomeni, msimamizi wa mafundi, apande gari na mimi barabara kuu, na majibu yaandikwe kwenye jobu kadi, si kwa mdomo. Chini nikaweka nakala kwa Tume ya Ushindani, FCC, maana mlaji ana pa kupeleka malalamiko chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na watu wengi hawalijui hilo. Barua hiyo ilijibiwa haraka kuliko simu zangu zote.

Fomeni alikuwa mtu wa makamo, mpole. Dakika chache tu baada ya kuingia kwenye 85 alitikisa kichwa akasema turudi. Difu ikamwagwa. Kwenye nati ya kumwagia kuna sumaku, nayo ilikuwa na uji wa kijivu tu, ambao ni kawaida, hakuna vipande vya chuma. Wakaitoa krauni pamoja na pinioni yake, wakapaka rangi ya njano kwenye meno, wakazungusha, akaniita nione. Rangi ilifutika kwenye ncha za juu za meno, pembeni, katikati imebaki njano tupu. Nilipiga picha. Kwangu picha ile ina thamani kuliko hati ya waranti yenyewe. Pinioni ilikuwa imefungwa vibaya tangu kiwandani.

Sasa niseme pia yaliyonikera, maana matengenezo yenyewe ni mazuri lakini huduma ni ya nyota 2 kati ya 5. Jozi mpya ya krauni na pinioni haikuwepo nchini, ikaagizwa, gari likakaa juu ya stendi wiki baada ya wiki. Gari la kutumia wakati huo hawakutoa. Nilikodi Kenta, lori dogo, kuleta mzigo wa msimu wa kupanda, na gharama hiyo waranti haiigusi, nimeuliza. Marejesho ya benki nayo hayasimami kwa sababu gari liko gereji. Anayetaka kufuata njia yangu aiweke gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo, na ikiwezekana aombe vipuri vifike kwanza ndipo gari lifunguliwe. Mimi sikupewa nafasi ya kuchagua, na sioni kwa nini.

Gari lenyewe nalipa nyota 4. Kwa sasa, redio ikiwa imezimwa na madirisha yamefungwa, kwenye 90 nasikia kitu kidogo sana ukiachia mafuta. Dereva anasema hasikii, ila huyo alitaka gari jipya tangu mwanzo, sasa kaamua kuwa mwema. Gia mpya zinatakiwa kuzoeana: fomeni alisema kilomita za mwanzo tusibebe mzigo mzito, tupumzishe gari njiani ili difu ipoe, na oili ibadilishwe mapema. Tulifanya hivyo. Ningebadilisha gari kama wangekuta beringi imekula sehemu yake, au kama wangefungua mara ya pili na ya tatu bila kupata jawabu, kwa sababu nyumba ya difu yenyewe ikiwa imepinda hakuna gia itakayokaa sawa mle ndani. Haikufika huko. Na waranti bado ipo, jobu kadi inataja wazi kilichobadilishwa na kwa nini, kwa hiyo ikirudi kulia sianzi tena na hadithi ya tairi.

Jambo la mwisho ni bili. Wakati wa kuchukua gari mapokezi walinipa ankara ya oili ya difu na gasketi, wakisema waranti inalipia chuma, haihusu oili. Nikamwambia yule kijana, oili yangu ilikuwa nzima mpaka ninyi mlipoimwaga kufuata kosa lenu. Akaenda ofisini, akarudi, akasema "sawa mama", akaniomba nisaini. Sijadaiwa tena.