Fanksheni ya jedwali: SELECT moja au hatua nyingi?

Tuseme uko ofisini Kilindini, unataka fanksheni ya SQL Server (mfumo wa hifadhidata wa Microsoft) inayopokea namba ya meli na kurudisha jedwali la makontena yake. Ya SELECT moja (amri moja ya kusoma data) hufunguliwa ndani ya hoja yako (query) kana kwamba uliiandika papo hapo, kwa hiyo faharasa na takwimu hutumika vizuri. Ya hatua nyingi hujaza kwanza kigeu cha jedwali, na hapo ndipo balaa: mfumo hupanga kazi kwa kukisia idadi ya safu mlalo zitakazotoka, na toleo la 2014 hukisia 100, hata meli ikiwa na makontena 3,000! Matoleo ya kabla yake yalikisia 1. La 2017 huendesha fanksheni na kuhesabu safu zake kwanza, kwa baadhi ya hoja. Mimi ya hatua nyingi naigusa tu nikilazimika kutumia IF (amri ya sharti).