Tahadhari kwa wachoraji: rangi za mafuta zinazodaiwa kusagwa kwa mkono kwa "siri ya mabingwa wa kale"

Wachoraji wenzangu, ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji wa mtandaoni anayetangaza rangi za mafuta ambazo, kwa maneno yake, zimesagwa kwa mkono kwa kufuata siri iliyopotea ya mabingwa wa kale. Silitaji jina la duka kwa sababu picha zile zile na maelezo yale yale yanaonekana chini ya majina mbalimbali, na anayekariri jina moja atanaswa na jingine. Itambueni bidhaa yenyewe.

Nianze na bluu, kwa kuwa ndiyo anayoiuza ghali kuliko zote. Tyubu imeandikwa kwamba ndani yake mna ultramarini asilia itokanayo na jiwe la lapisi lazuli la Badakhshan, Afghanistan. Ughali wa rangi hiyo, ikiwa ni ya kweli, una sababu zake: jiwe husagwa, unga wake hukandwa pamoja na nta na utomvu, kisha donge hilo hukamuliwa polepole ndani ya maji ya majivu ili chembe za bluu zitoke na uchafu ubaki, na kinachopatikana ni sehemu ndogo tu ya jiwe lililotumika. Tangu mkemia Jean-Baptiste Guimet alipofanikiwa kuitengeneza kwa njia ya kikemia nchini Ufaransa katika miaka ya 1820, kuna ultramarini ya bei nafuu iliyo nzuri na ya kudumu, na lau muuzaji huyu angetuuzia hiyo kwa jina lake halisi, nisingekuwa na lalamiko. Alichotuma si hiyo wala ile. Nilipochanganya punje moja ya bluu yake na nyeupe nyingi, nyeupe yote iligeuka bluu kali inayoelekea kijani. Ultramarini haina nguvu ya namna hiyo, na ile ya asili ni dhaifu zaidi na huelekea kijivu. Tabia niliyoiona ni ya bluu ya fthalosianini, pigmenti (yaani unga unaoipa rangi rangi yake) ya kiwandani iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1930, iliyopunguzwa makali kwa kijazio cheupe.

Nyeupe yake inaitwa nyeupe ya risasi, yaani iliyotengenezwa kwa metali ya risasi. Hapa mkono wenyewe unatosha kuwa mizani, kwa kuwa pigmenti ya risasi ni nzito takriban mara 6.7 kuliko maji, ilhali ile ya titani, nyeupe ya kawaida ya siku hizi, ni mara 4.2 hivi, na tena ya risasi huhitaji mafuta kidogo sana wakati wa kusagwa. Kwa hiyo tyubu ya kweli hushtua kwa uzito, na rangi iliyomo huvutika kama uzi inapoinuliwa kwa kisu. Yake ni nyepesi, inang'aa kwa weupe mkali na inafunika kila kitu kilicho chini yake, kama titani ifanyavyo. Aliyeinunua ili apate tabaka jembamba linalopitisha mwanga wa rangi ya chini hatalipata.

Linaloniudhi zaidi ni poda. Anatuma poda iliyoandikwa "njano ya Naples" katika mfuko wa kawaida wa plastiki, bila onyo la aina yoyote. Ikiwa jina ni la kweli, basi hiyo ni antimoneti ya risasi, sumu ambayo haifai kuvutwa puani wala kufika jikoni au mikononi mwa mtoto. Ikiwa jina ni la uongo, mnunuzi hajui kabisa ameshika nini. Kwa vyovyote vile amemkosea mteja, na kosa hili haliishii kwenye fedha.

Kuhusu mafuta, kahawia yake ya amba ilikuwa bado inanata baada ya zaidi ya mwezi. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba rangi ya asili inataka subira. Jibu hilo si sahihi. Amba ni udongo wenye manganizi, na manganizi huharakisha ukaukaji wa mafuta ya kitani, kiasi kwamba amba ni miongoni mwa rangi zinazowahi kukauka. Amba isiyokauka ikiwa imepakwa kwa tabaka jembamba inatia shaka kubwa kwamba imesagwa kwa mafuta yasiyo ya kuchorea. Na hiyo siri haipo: National Gallery, jumba la makumbusho ya picha la London, imekuwa ikichapisha matokeo ya uchunguzi wa kimaabara wa picha za kale tangu 1977, na kinachoonekana humo mara nyingi ni mafuta ya kitani na ya jozi, pengine yaliyopashwa moto, pengine yenye utomvu kidogo.

Naomba tusiwadhulumu mafundi waaminifu wanaosaga rangi kwa mkono, ambao ninawaheshimu sana. Mafuta kujitenga juu ya rangi si dalili ya udanganyifu, kwani ndivyo inavyokuwa pale ambapo hakuna kiungo cha viwandani cha kuyazuia. Fundi mwaminifu huandika pigmenti kwa namba yake ya kimataifa, huyataja mafuta aliyotumia na huonya palipo na risasi au zebaki. Kumbukeni tu kwamba PB29 ni namba ya ultramarini ya asili na ya kiwandani pia, kwa hiyo kwa bluu ya bei kubwa ombeni picha ya hadubini: chembe za asili huwa na kingo kali na ukubwa tofautitofauti, za kiwandani ni ndogo na zinalingana.

Ambao mmekwisha kununua, msizitumie rangi hizo kwenye kazi ya mteja. Tunzeni tyubu, vifungashio na mazungumzo yote, kisha pelekeni dai kwa kampuni iliyopitisha malipo kabla muda wake wa kupokea malalamiko haujaisha. Mfuko wa poda usifunguliwe. Utieni ndani ya chombo chenye kifuniko imara, mwandike juu yake kwamba huenda ni sumu, na uulizeni mamlaka ya taka hatarishi mahali mlipo namna ya kuukabidhi.