TAHADHARI: madumu ya maji ya waipa "ya -30" yasiyo na lebo

Wadau mnaoendesha magari Ujerumani, Sweden, Norway na nchi za jirani, baridi hiyo inaingia na wauzaji nao wameshatoka. Bidhaa yenyewe ni dumu la lita 5, ndani maji ya buluu yanayong'aa, nje kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu "-30", yaani eti ni maji ya kurushia kioo cha mbele yasiyoganda mpaka nyuzi -30 za Selsiasi. Hakuna jina la kiwanda, hakuna anwani. Linauzwa kwenye maegesho, likitolewa kwenye buti la gari, au kwenye makundi ya simu kwa maneno ya asali: nimechanganya kwa mkono wangu, ndugu yangu, wewe nakufanyia bei ya nyumbani. Usinunue. Na kama umeshanunua, usimimine kwenye tenki kabla ya kulipima. Kulipima kunahitaji mzani wa jikoni na friza, vitu ambavyo karibu kila nyumba inavyo.

Kwanza tuelewane kuhusu rangi. Buluu haina uhusiano wowote na baridi, ni rangi tu, na rangi ya chakula ya kutia kwenye keki inatosha kupaka dumu zima. Kinachozuia maji kuganda ni kilevi kilichomo, na kiasi chake hakidanganyi. Ethanoli, kile kilevi cha kwenye pombe, ikiwa asilimia 20 ya ujazo, mchanganyiko unaanza kuganda kwenye nyuzi -9 hivi. Ikiwa asilimia 30 unafika -15, asilimia 40 unafika -23, na asilimia 50 unafika karibu -32. Maana yake dumu la lita 5 la -30 ya kweli lina karibu lita mbili na nusu za kilevi kitupu. Sasa nenda dukani uangalie bei ya lita moja ya spiriti ya kuwashia jiko, ile Wajerumani wanaiita Brennspiritus, Waswidi T-Röd na Wanorwe rødsprit. Mtu anayekuuzia dumu zima kwa bei ya chupa moja ya hiyo spiriti, hizo lita nyingine amezipata wapi?

Jibu huwa moja kati ya matatu. Ama hakuna kilevi kabisa, ni maji ya bomba na sabuni ya vyombo. Ama kipo kidogo, cha kufikisha -7 au -8, na hiyo "-30" ni ya karatasi. Ama ni methanoli ya viwandani, kilevi chenye sumu, na hapo suala linaacha kuwa la pesa.

Hilo la pili wakati mwingine ni ujinga wa hesabu zaidi ya wizi. Mtu ananunua dawa nzito ya waipa ya -60, anachanganya nusu kwa nusu na maji, anaandika -30 kwa sababu nusu ya 60 ni 30. Haiendi hivyo. Mchanganyiko huo unatoa karibu -20, na akiongeza maji tena ili dumu lizae madumu, uwezo wake wa kuzuia barafu unapungua haraka mno. Wengine wanakosea vipimo vya Marekani: dumu la kule lililoandikwa -20 ni nyuzi za Fahrenheit, sawa na -29 za Selsiasi, na lililoandikwa 0 ni kama -18. Mwenye ndugu Minnesota akikutumia picha ya lebo, soma herufi inayofuata namba, kama ni F au C.

Kipimo cha mzani kinafanywa hivi. Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita iliyo kavu, iweke tupu kwenye mzani na uurudishe kwenye sifuri. Jaza maji ya bomba mpaka ukingoni kabisa, andika uzito. Mwaga, kausha ndani na nje, jaza maji ya dumu mpaka ukingo uleule, pima tena. Vyote viwili viwe na joto la chumbani, la sivyo unajidanganya. Kilevi ni chepesi kuliko maji, kwa hiyo mchanganyiko wa asilimia 20 utakuwa pungufu kwa gramu 12 hivi, wa 30 kwa gramu 18, wa 40 kwa gramu 25, na wa 50 kwa gramu 34. Ukiona tofauti ni gramu mbili au tatu, umeuziwa maji ya rangi. Na ukiona dumu limekuwa zito kuliko maji, kuna mtu ametia kulanti (maji ya kupozea injini) au chumvi. Kulanti ya injini haina kazi kwenye kioo: inaacha utando wa mafuta ambao waipa inausambaza badala ya kuufuta, na usiku taa za gari linalokuja zinapasuka mbele ya macho yako kama fataki. Tena ni tamu, na paka au mbwa akiramba tone chini ya gari anaweza kufa.

Baada ya mzani, friza. Friza ya nyumbani iliyorekebishwa vizuri inakaa kwenye -18. Tia kama mililita 100 kwenye chupa ndogo ya plastiki, usiijaze, funga kifuniko barabara, andika juu yake kuwa ni sumu, iache usiku kucha mahali ambapo mtoto hafiki. Asubuhi igeuze. Maji ya -20 ya kweli yanatiririka. Yakiwa kama uji wa barafu, hayakufika hata hiyo -18. Yakiwa jiwe, umepata jibu.

Watu wanapuuza jambo moja hapa: namba ya kwenye dumu ni ya ndani ya tenki, si ya kwenye kioo. Ukirusha maji ukiwa kwenye kasi ya kilomita 110 kwa saa, upepo unakausha kilevi kwanza na kuacha maji nyuma, nayo yanashika barafu papo hapo mbele ya macho yako. Kwa hiyo kama kwenu inafika -10, tia ya -20, na washa hewa ya moto ya kioo dakika chache kabla ya kurusha. Dumu la -8 linaloitwa -30 linakupofusha hata siku ambayo kipimajoto kinasoma -4 tu.

Sasa methanoli. Mzani hauioni, kwa sababu nayo ni nyepesi kama ethanoli. Friza haiioni, kwa sababu inazuia kuganda vizuri sana, na ni rahisi, ndiyo maana wachakachuaji wanaipenda. Kunusa hakusaidii. Kuonja ndiyo kabisa usithubutu. Fundi mwenye refraktomita, kile kidude cha kuchungulia anachopimia kulanti na asidi ya betri, mara nyingi ana kipimo cha maji ya waipa humo humo. Ethanoli na isopropanoli, kilevi kingine cha maji ya waipa, zinapindisha mwanga vya kutosha kusogeza mstari. Methanoli inapindisha mwanga karibu sawa na maji. Basi dumu likisoma -5 kwenye refraktomita, halafu halikuganda kwenye friza ya -18, lichukulie kuwa ni methanoli mpaka ithibitishwe vingine. Lisahihishe kwanza hilo dude kwa matone mawili ya maji ya betri (yaliyotoneshwa, si asidi), mstari ukae kwenye alama ya maji.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 2018/589, ulipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida maji ya waipa yenye methanoli ya asilimia 0.6 ya uzito au zaidi, kuanzia 9 Mei 2019. Marekani bado inauzwa madukani kihalali, kwa hiyo usishangae ndugu wa huko akikwambia wao wanaitumia kila siku. Lakini huko dumu lina lebo ya sumu. Hili la kwako halina, na lina rangi ya juisi. Waliofuatilia habari za Kenya mwezi Mei 2014 wanajua methanoli ilifanya nini ndani ya pombe: watu walikufa kwa makumi na wengine wakabaki vipofu. Ini linaigeuza kuwa asidi ya fomiki, inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Kinachoponza ni kwamba saa za mwanzo aliyeinywa anaonekana mlevi tu, au mzima kabisa. Maumivu ya tumbo, kutapika, kuona kama yuko kwenye ukungu au theluji vinaweza kuja baada ya saa 12 hadi 24. Mtoto akinywa hata funda moja, piga 112 saa hiyohiyo (Marekani kituo cha sumu ni 1-800-222-1222), nenda na dumu hospitali, usisubiri dalili. Hata mvuke wake si wa kuchezea: tundu la kuingizia hewa ya hita liko chini ya kioo cha mbele, na unachorusha nje sehemu yake inarudi ndani mnakopumua.

Anayetaka kutengeneza mwenyewe anaweza, ila asitegemee kutajirika, maana dumu la -20 la kituo cha mafuta mara nyingi linagharimu sawa au pungufu. Kwa lita 5 za takriban -23: lita 2.1 za spiriti ya asilimia 95 na lita 2.9 za maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, si asidi. Kwa -15 inatosha lita 1.6 za spiriti na 3.4 za maji. Sabuni ya vyombo kijiko kimoja cha chai kwa dumu zima, usizidishe. Ikizidi inatoa povu na michirizi. Maji ya bomba yenye chokaa yanaziba nozeli, hasa zile za kurusha kama feni. Siki usitie, inaganda karibu sawa na maji. Asetoni usitie, inapasua plastiki za taa za mbele. Changanyia nje au penye hewa, mbali na jiko, sigara na hita: mchanganyiko wa asilimia 40 unaweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 26 tu. Kisha andika kwenye dumu kilichomo na tarehe. Chupa ya soda kamwe.

Ukinunua la dukani, tafuta anwani na simu ya kampuni, alama ya mwali wa moto, na namba ya UFI yenye herufi na tarakimu 16 katika mafungu manne. Kituo cha sumu kinaitumia kujua kilichomo. Dumu la ethanoli lisilo na alama ya moto, ama halina ethanoli ama halina ukweli.

Aliyekwisha kumimina na tenki likaganda asibonyeze bonyeze kitufe. Barafu imeshika panga la pampu, mota inapata moto, fyuzi inakatika au pampu yenyewe inaungua. Wala asimwage maji ya moto kwenye kioo, kitapasuka. Ingiza gari kwenye maegesho ya ndani yenye joto mpaka iyeyuke, kagua chini kama tenki halivuji, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9 na tenki lililojaa linafunguka kwenye maungio. Nyonya maji yote kwa mpira na pampu ya mkono, si kwa mdomo. Badilisha fyuzi kwa nyingine ya ampea zilezile. Jaza maji mapya, halafu rusha kwa vipindi vifupi mpaka harufu yake itoke mbele, na dirisha la nyuma usilisahau: mpira wake ni mrefu kuliko yote na maji ya zamani bado yamekaa humo. Yale uliyonyonya, pamoja na dumu, yapeleke kituo cha taka za sumu cha manispaa, si kwenye mtaro.