TAHADHARI: Anayejitangaza kwamba "anafungua" DVD za harusi kutoka nyumbani

Ndugu zangu mnaoishi Marekani na Kanada, kuna mtu anapita kwenye magrupu yetu ya WhatsApp akitangaza kwamba anafungua DVD zilizotoka nyumbani Tanzania ili zicheze kwenye deki za huku. Msimpe kitu. Mimi nilimpa diski sita, dola 25 kila moja, na zote alinirudishia vilevile.

Ni DVD za harusi yangu, Tanga, mwaka 2006. Humo bibi yangu anaimba huku amekaa mkekani, na alifariki miaka mitatu baadaye. Sauti yake hatuna pengine popote. Nilipokuja nazo huku, kila deki ikazikataa.

Yule bwana akaniambia zimefungwa: Tanzania ni eneo 5, Marekani ni eneo 1, na yeye ana mtambo wa kuzifungua. Nikamwamini kwa sababu hayo maeneo yapo kweli. Studio za filamu ndizo zilizoigawa dunia hivyo, ili diski ya eneo moja isicheze kwenye deki ya eneo jingine: Marekani na Kanada 1, Ulaya, Japani na nchi za Ghuba 2, Afrika Mashariki 5. Lakini mpiga picha wa Tanga anayechoma DVD ya harusi kwenye kompyuta yake haifungii eneo lolote. Hapakuwa na kitu cha kufungua.

Kilichozuia ni mfumo wa picha. Nyumbani tunatumia PAL, mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde. Huku ni NTSC, mistari 525 na karibu fremu 30. Deki nyingi zinazouzwa Marekani hazisomi PAL, wakati za nyumbani kwa kawaida zinacheza zote mbili. Ndiyo maana DVD tunazowatumia wazazi zinacheza, zao tukiletewa zinagoma. Tazameni Japani na Uingereza: zote ni eneo 2, lakini Japani ni NTSC na Uingereza ni PAL. Eneo ni jambo moja, mfumo ni jingine, na huyu bwana anayachanganya makusudi ili ale hela za watu.

Diski "zilizofunguliwa" ziligoma kama zile za mwanzo. Nikampigia, akasema deki yangu ni mbovu, akataka kuniuzia ya kwake. Mpwa wangu ndiye aliyenifumbua macho. Alitia diski moja "iliyofunguliwa" kwenye laptopu, akaifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, ikacheza papo hapo. Akatia ile ya asili, nayo ikacheza! Kisha akaangalia taarifa za video: 720 kwa 576, fremu 25. PAL ileile. Ingekuwa imegeuzwa kweli, ingesoma 720 kwa 480, fremu 29.97. Jamaa alinakili tu. Tena ile ya bibi imerudi na mikwaruzo, picha inakwama katikati ya wimbo, na hilo linaniuma kuliko hizo dola 150.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, tafuta kompyuta yenye sehemu ya kuwekea diski, uweke VLC, ni ya bure. Ikicheza, nakili kila kitu siku hiyohiyo. Programu ya HandBrake, nayo ya bure, inageuza DVD kama hizo kuwa faili za MP4, ukazirusha hata kwa simu. Ukitaka deki, muuzaji akikwambia "inacheza maeneo yote", usiishie hapo. Muulize kama inageuza PAL kwenda NTSC, na mpelekee diski yako aicheze mbele yako kwenye TV.

Jina lake silitaji hapa. Hela hajarudisha, na sasa hapokei simu zangu. Ila najua kuna wenzetu waliompa diski za misiba na za ubatizo, na bado anazo. Zifuateni leo, mzichukue hata kama hajazigusa, na mhesabu moja moja kabla hamjatoka mlangoni kwake.